Hata Tone la Maji

Asubuhi ile tulikuwa tunabishana juu ya mchicha. Nilikuwa nikiwafundisha akina mama masuala ya lishe katika ua wa nyumba moja Kariakoo, kabla ya kuwagawia unga, maharage na mafuta ya msaada. Niliwaambia mboga wanaichemsha mpaka inasahau ilikotoka. Wakacheka. Mwanaidi, aliyekuja kwa miguu kutoka Jangwani, aliomba ahudumiwe kwanza, maana Rahma, mwanawe wa miezi mitatu, alikuwa amemwacha kwa mama mkwe. Nilimwambia asubiri foleni kama wenzake.

Mara wachukuzi wakapita mbio, mikokoteni wameitelekeza. Kisha risasi.

Tukafunga geti.

Tulikaa humo siku mbili, wanawake tisa na magunia ya chakula. Mapigano yale nani aliyaanza, mpaka leo kila mtu ana lake la kusema. Simu hazikushika. Mara mbili nilishika komeo nitoke, mara mbili risasi zikagonga mabati ya duka la jirani. Nilirudi ndani. Chakula kilikuwepo tele, lakini hatukukigusa.

Siku ya pili maziwa yalikuwa yameilowesha kanga ya Mwanaidi. Aliyakamua kwenye bakuli, akayamwaga.

"Labda bibi yake atampa hata uji mwepesi," nilisema.

Akanitazama. "Bi Zuhura? Dada, si ulimsema mbele za watu kwa kumpa mtoto maji? Ameapa. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata tone la maji hampi."

Ni kweli, nilimsema. Tena nilijisifu kwamba nimemweza yule mama mbishi. Sasa nikawa namwomba Mungu amrudishie ubishi wake.

Mwanaidi akasimama, akaliendea geti.

Tulimshika watu watatu. Aliniuma mkono.

Asubuhi ya siku ya tatu mtaa ulitulia, nikamsindikiza kwao. Tulikutana na jirani yake mlangoni, Rahma yuko begani, analia kwa sauti iliyokauka. Mwanaidi alimnyakua, akakaa chini palepale akamnyonyesha. Mtoto akanyonya. Nikasema alhamdulillahi, nikaona yameisha.

"Mama yuko wapi?" Mwanaidi aliuliza.

Jirani alijifuta macho. "Alitoka jana mchana, kambeba mtoto mgongoni. Tulimwambia, Bi Zuhura, mpe japo maziwa kwa kijiko, usubiri. Akasema mwalimu kakataza, anampeleka kwa mama yake akanyonye."

Risasi ilimpata njiani, kabla hajalifikia daraja. Ilitoka upande gani, hakuna aliyejua. Alianguka kifudifudi, mtoto hakupata hata mchubuko. Vijana wa mtaa walimfungua mgongoni wakamrudisha, na jirani ndiye aliyemlisha Rahma kwa kijiko mpaka tulipofika.

Rahma sasa anasoma shule. Mwanaidi hajanilaumu hata siku moja, na mimi ningependa anilaumu, nijue pa kuanzia kuomba radhi. Bado nafundisha kwamba maziwa ya mama yanamtosha mtoto, maana yanamtosha kweli. Ila sasa naeleza pia la kufanya mama akikwama asiweze kurudi: kikombe kisafi, maziwa gani, yaandaliwe vipi. Maelezo hayo hayachukui hata dakika tano. Bi Zuhura sikumweleza, kwa sababu siku nilipomsema nilichotaka ni anyamaze tu.