Sikuwa Natania

Nianze na vitu ninavyovichukia, maana kwa hivyo ndivyo watu wanavyonijua. Nauchukia wimbo unaoanza kwa prodyuza kujitaja jina. Seremala akikuuzia kiti, kiti hakimtaji kila ukikikalia. Nauchukia wimbo unaoanza na simu inayoita au mlango unaogongwa. Nawachukia watangazaji wanaoongea juu ya gitaa. Nachukia sauti iliyonyooshwa kwa mashine mpaka hujui mwimbaji ni kijana au mzee, mzima au ana mafua. Nyimbo za kuwasifu wenye magari sizitaki hata nikiwa nimealikwa pilau. Na remiksi ndiyo kabisa: wimbo ukiwa mzuri uacheni, ukiwa mbaya uzikeni.

Ninavyovipenda ni vichache. Nawapenda wanamuziki wasio na lebo wala meneja, wanaorekodi chumbani kwa shemeji, godoro limeegeshwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Napenda kumsikia mtu akivuta pumzi kabla ya ubeti, kiti kikilalamika chini yake, na yale makosa madogo ambayo hakuwa na fedha za kuyarudia. Napenda zaidi wimbo uliosikilizwa na watu wachache duniani, mimi nikiwa mmojawapo. Ukianza kupigwa saluni, nauacha. Nilijivunia sana jambo hilo, na nilidhani ni aina ya uaminifu.

Maoni haya yamenigharimu mwanamke niliyekuwa nimuoe. Sisemi kwa mafumbo. Posa ilikuwa imepokewa, siku imepangwa, sare za kamati zimeshashonwa, na mdomo wangu huu ukavunja kila kitu kwa siku moja tu.

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja pale Kibaha, na chumba changu kiko Sofu. Masijala ni mahali pa kimya na vumbi. Faili linatoka, faili linarudi. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja siku moja kufuatilia faili lake la kupandishwa daraja, na kama ilivyo ada yetu, faili lilikuwa halionekani. Akakaa kusubiri. Nilikuwa nimeweka hedifoni sikio moja. Akaniuliza ninasikiliza nini, nikampa upande wa pili. Ni jamaa mmoja aliyekuwa akiimba na gitaa lenye nyuzi nne, mbili zimekatika. Akausikiliza wimbo wote, kisha akanirudishia hedifoni yangu.

"Huyu ana njaa," alisema.

Nilicheka mpaka mkuu wangu akachungulia. Lakini alikuwa amesema kweli tupu, na nilimpenda hapohapo, kabla faili lake halijapatikana. Tukawa pamoja miaka miwili. Kila jioni nilimchezea kitu kipya na kumweleza kwa nini ni kizuri, au kwa nini wanaokipenda hawana masikio. Alisikiliza. Sasa nikikumbuka, alisikiliza sana, na mimi niliongea sana.

Kwao ni Kisarawe, Wazaramo wa tangu na tangu, wenye mihogo, mikorosho na mananasi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake. Wazazi wangu wametoka Tabora, kwa hiyo mimi ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba tunaweza kutukanana mpaka kwenye msiba na hakuna wa kununa. Atakayenuna ndiye mwenye kosa. Siku ya posa shangazi aliwaambia wazee wangu kuwa mabinti wa Kisarawe hawaolewi na wapagazi, labda mpagazi mwenyewe aubebe mzigo kwanza aonyeshe nguvu. Baba yangu akajibu kwamba mzigo wenyewe anauona, ni mwembamba, hauhitaji hata kata ya kichwani. Watu wakafa kwa kicheko. Mimi peke yangu nilitabasamu kwa adabu. Utani sikuwahi kuuweza. Niliamini kila linalosemwa lisemwe kwa maana yake.

Ikaundwa kamati, na kamati ikafungua grupu la harusi kwenye simu, lenye pande zote mbili, kina baba, kina mama na wafanyakazi wenzetu. Humo ndani nilijipa wizara ya muziki. Nilikataa wimbo wa kuingilia ukumbini ambao kila bwana harusi wa Kibaha ameingia nao. Nilikataa wimbo wa kukata keki. Nilileta orodha yangu, na mwenyekiti wa kamati, mzee mstaafu mwenye subira, akaandika, "Tumepokea." Mchumba wangu aliniuliza kama wageni watacheza. Nikamwambia wageni watasikiliza. Akaguna tu.

Kimoja hakikuwa mikononi mwangu. Siku ya kwenda kumchukua bibi harusi Kisarawe, wanawake wa upande wa shangazi wangetupokea mlangoni kwa ngoma na wimbo walioutunga wenyewe. Jumamosi moja mchana walirekodi mazoezi kwa simu, wakaturushia kwenye grupu tuonje.

Nina rafiki mmoja tu anayeujua ugonjwa wangu wa muziki. Ni bwana mifugo, yuko Magindu, anazunguka kwa wafugaji, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha, kwa hiyo tunatumiana sauti badala ya kupigiana. Niliusikiliza ule wimbo wa kina mama nusu dakika, nikabonyeza kitufe nikaanza kumpa habari. Nikasema nimeletewa mateso. Nikasema ngoma haikai kwenye mapigo, debe linapigwa na mtu mwenye hasira na debe, na huyo mama anayeongoza haimbi, anaita kuku. Nikasema nitasimama pale mlangoni nimeziba masikio kwa pamba. Nikacheka mwenyewe, nikaachia kitufe.

Sauti ile ilikwenda kwenye grupu la harusi. Wakati naiona ilipotua, watu zaidi ya kumi walikuwa wameshaisikiliza. Niliifuta, lakini kufuta mbele ya waliokwisha kusikia ni kama kufunga zizi ng'ombe wakiwa shambani. Mama anayeongoza alikuwa shangazi.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana hadi hapo nilikuwa sijapoteza kitu. Haikupita robo saa, shangazi mwenyewe akatuma sauti yake, na alikuwa anacheka.

"Jamani msikasirike, si mnawajua watani zetu? Babu zake huyu walipita hapa na mizigo kichwani, akili wakaziacha njiani. Mnyamwezi amenitukana, mmesikia wote. Faini yake mbuzi mmoja, aje naye mwenyewe kamshika kamba. Basi, yameisha."

Vicheko vikafuata, vya maandishi na vya vikatuni. Mtu akauliza mbuzi atakuwa dume au jike. Mlango ulikuwa wazi, na nilichotakiwa kufanya ni kuandika neno moja, "Nimekubali", niingie.

Mimi nikaandika aya tatu. Bado ninazo. Nilianza kwa kuwasalimu wazazi wote, kisha nikaomba kuweka jambo wazi: kwamba sikuwa natania. Kwamba samahani ninaomba kwa kuituma mahali pasipostahili, lakini yale yalikuwa maoni yangu ya kweli kuhusu kazi ile, na muziki ni kitu ninachokiheshimu mno kukifanyia mzaha. Nikashauri ubora uangaliwe. Neno "ubora" nililitumia mara mbili.

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, jioni, "Asante kwa taarifa." Baada ya hapo mchumba wangu akanipigia simu.

"Ungenyamaza tu," alisema. "Shangazi alishakufungulia mlango."

"Nisingeweza kusema uongo."

"Nani kakwambia utani ni uongo?"

Nikatoa hotuba. Nilimwambia kuhusu ukweli katika sanaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama siku zote, akasema usiku mwema. Kesho yake mchana wazee wawili wa kwao walifika kwa baba na posa yetu, kwenye bahasha ileile, wakanywa chai, wakaaga vizuri. Baba hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba katika umri wake wote hajawahi kumwona Mnyamwezi aliyekataa kusamehewa na Mzaramo.

Wiki mbili nikaenda kazini, nikarudi Sofu, nikala nilichokikuta. Sikusikiliza kitu chochote. Moyo uliniuma kama jino, hata nikilala upande gani. Ndipo rafiki yangu wa Magindu, aliyepata habari zote kwa kuchelewa kama kawaida yake, akaniomba nimtumie huo wimbo wenyewe uliovunja harusi. Nikamtumia. Jibu lake lilikuja siku iliyofuata.

"Kaka, mbona kitu kikali hiki? Hii ndiyo tunayoitafutaga miaka yote. Wangekuwa wazungu wanne kwenye banda la mbao wewe si ungelia machozi?"

Nilitaka kubishana naye. Nikauchukua wimbo ili nimwonyeshe makosa moja baada ya jingine, nikausikiliza wote kwa mara ya kwanza. Kuna mama anakohoa. Kuna jogoo. Shangazi anasahau ubeti, anacheka, wenzake wanamshikia mpaka anarudi. Debe halikai kwenye mapigo kwa sababu linamfuata mwimbaji, na mwimbaji anafuata maneno. Nayo maneno sikuwa nimeyasikia hata kidogo. "Umekuja na jua lako, kivuli tunacho sisi." Walikuwa wananiimbia mimi. Hakuna lebo, hakuna meneja, hakuna mashine, na wimbo mzima ulikuwa na msikilizaji mmoja aliyekusudiwa. Nililia nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Rafiki yangu akanitafutia mbuzi Magindu, dume jeusi lenye kiburi. Nikapita naye Kiluvya, nikapata bodaboda aliyekubali kutubeba wote wawili, nikafika Kisarawe alasiri na suruali iliyochafuka. Nilishuka mbali kidogo na nyumba ili nijipange maneno.

Karibu na ua nikasikia mtu anaimba. Ilikuwa sauti ya mwanamke, peke yake, nene kidogo chini, yenye mkwaruzo ikipanda, na chini yake mlio wa kisu kinachomenya mihogo. Alikuwa haimbi kwa ajili ya mtu. Nilisimama. Nimewinda sauti za namna hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kusikia iliyonishika hivyo. Nikajiuliza ni nani huyu, na kwa nini sijawahi kuambiwa. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Ubeti wa pili ulipoanza alitamka neno moja kwa namna anayolitamka yeye tu, na nikajua ni mchumba wangu. Miaka miwili, na sikuwahi kumsikia akiimba.

Mbuzi akalia. Sauti ikakatika.

Shangazi ndiye aliyetoka. "Shikamoo shangazi," nilisema, na nikampa kamba.

"Marahaba, baba." Alimtazama mbuzi, akanitazama suruali, na nikaona anazuia kicheko. "Faini nimeipokea. Utani haufi, wewe ni mtani wangu mpaka wanizike, na siku hiyo uje unitukane vizuri. Lakini la ukwe nisikudanganye, baba. Hilo ni la mwenyewe, na mwenyewe ameshasema."

Akampeleka mbuzi nyuma ya nyumba, akatuachia nafasi, maana mchumba wangu naye alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi. Nikamwomba msamaha. Nilijitahidi usiwe na aya tatu. Kisha nikamwambia kitu ambacho nilidhani kingesaidia: kwamba ana sauti ambayo sijapata kuisikia, nikamwuliza kwa nini alinificha.

"Sikukuficha. Nilikuimbia mara moja, kule Sofu, nakunja nguo zako. Ukaniambia nimetoka kwenye ufunguo wa wimbo. Ukanionyesha na ulipo."

"Mimi?"

"Hukumbuki."

Sikukumbuka. Nilijaribu pale pale, nikitafuta chumba, nguo, siku, na hapakuwa na kitu. Alingoja kidogo kuona kama nitakumbuka. Baadaye macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, ambapo simu ilikuwa bado inahesabu sekunde.

"Ulikuwa unanirekodi?"

"Ndiyo."

"Futa."

Nilimwomba aniachie hiyo tu. Nilimwambia sitampa mtu, hata rafiki yangu wa Magindu. Hakubishana, alinyoosha shingo aone kioo vizuri. Nikabonyeza. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikainua uso kumwangalia, lakini yeye hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia simu, anasubiri nijibu.

Nikajibu ndiyo.

Najisifu kwamba nikisikia wimbo mara moja nimeushika. Huo nimejaribu kuurudisha kila siku tangu hapo, masijalani, njiani, kitandani. Kisu nakikumbuka. Mbuzi namkumbuka. Sauti yake hainijii.