Mkono wa Chirau

Homa ya ubongo ilimwachia Chirau roho yake ikamnyang'anya jana yake. Daktari alimweleza mkewe, Subira, kwamba ndani ya kichwa, usawa wa masikio, mna vijisehemu viwili vinavyopokea mambo mapya na kuyaweka. Vya Chirau vimeharibika. Ya zamani anayo, na mkono nao una kumbukumbu yake kando, lakini ya dakika chache zilizopita hana.

"Kwa hiyo nikimtuma dukani atasahau?"

"Atasahau, mama."

"Basi kabla ya homa alikuwa anaumwa nini?"

Chirau alikuwa bingwa wa bao wa Msambweni nzima, na ubingwa huo ndio mali pekee aliyoijali. Mwinyihaji, aliyeshindwa naye baoni miaka ishirini na kila mara akalisingizia jua, aliona Mungu kamfungulia mlango. Kila siku baada ya adhuhuri alikaa barazani, akapanga kete na kusema, "Chirau, jana nilikufunga." Chirau aliumia upya kila siku, maana kwake ilikuwa habari mpya.

Kisha Mwinyihaji alimwekea mtego: shimo lililonona kete upande wa kushoto, Chirau alile, aachwe uchi safu ya mbele. Ni mtego huohuo kila siku. Mwizi gani hubadilisha njia kama mwenye nyumba hamkumbuki?

Miezi miwili ikapita hivyo. Ijumaa moja, baraza limejaa, Mwinyihaji aliutega tena. Mkono wa Chirau ukaenda kushoto, ukasita, ukarudi kulia. Ukala, ukala tena, mpaka safu ya mbele ya Mwinyihaji ikabaki mashimo matupu.

"Nani kakufunza?" Mwinyihaji alifoka.

"Kunifunza nini?" Chirau aliuliza, na hakika hakujua.

Subira, aliyekuwa akimletea mumewe kahawa, alicheka hadi ikamwagika. "Si wewe, shemeji! Miezi miwili, bila kukosa hata siku moja!"

Chirau alikwenda kutawadha kwa alasiri. Aliporudi, uso wake ulikuwa mweupe, hauna habari yoyote.

"Mwinyihaji, mara ya mwisho nani alimfunga mwenzake?"

Baraza zima likamkodolea macho Mwinyihaji.

"Wewe."

Tangu siku hiyo watu wa baraza humlazimisha Mwinyihaji aiseme habari hiyo kila siku kabla ya kete kupangwa. Na kila siku Chirau huruka kwa furaha, maana ndiyo kwanza anaisikia.