Tulivyoibabaisha Kamera ya Joto, Land Rover Ikaondoka na Mpishi

Wakuu wa gazeti la ukutani, salaam.

Hiki kisa ni kweli tupu. Nikidanganya, maharage yangu ya Jumapili ale Tuntufye.

Mnamjua yule mzungu anayepima chemchemi za maji moto kule Songwe. Alhamisi alileta maabara kwetu kamera inayoona joto badala ya mwanga. Mnazima taa, mnaziba madirisha kwa mablanketi, na bado mtu anaonekana kwenye kioo chake kidogo: penye joto peupe, penye baridi peusi.

Kwa baridi hii ya Mbeya, pua zetu zilikuwa mashimo meusi. Ya Tuntufye ilimeza nusu ya kioo. Nisamehe ndugu yangu, ni sayansi.

Mzungu akasema kila uso una ramani yake ya joto, kadiri mishipa ya damu inavyopita. Akatupiga picha sisi sita wa Kidato cha Tatu, na Mzee Kikoti, mpishi wetu, Mhehe wa Kalenga, aliyekuja kutuita chakula.

"Kesho nawatambua gizani," akajigamba. "Mwanafunzi atakayenishinda, Jumamosi anapanda Land Rover yangu mpaka chemchemi. Nafasi moja tu."

Land Rover, wakuu! Mimi gari pekee nililowahi kupanda ni lori la viazi, tena juu ya viazi.

Nikawaza: ramani ya joto dawa yake joto. Ijumaa, kabla ya mlo wa mchana, nikakimbilia jikoni nikaupashe uso joto kwenye moto wa kuni.

Nafika, namkuta Tuntufye. Na Lusungu. Na wale watatu wengine.

"Kamwene, Baba," nikamwamkia mzee kwa Kihehe chao. "Tumekuja kusonga ugali."

"Ninyi? Zamu ya jikoni mnaikimbia kama chanjo! Leo mmeota nini?"

"Uzalendo, Baba."

"Haya, songeni, wazalendo." Akaenda stoo.

Tukabanana juu ya moto. Kila mtu alileta uso, hakuna aliyeleta mkono. Ugali ukaungua mpaka moshi ukaingia bwenini.

Tukatimka maabara, nyuso zinawaka. Mzungu akachungulia kioo. Weupe pee, sita sawasawa, hata pua ya Tuntufye! Sura zimetaifishwa.

"Huyu ni... hapana. Huyu..." Akakuna kichwa. Hakupata hata mmoja.

Tukaanza kusukumana nani apande. Ghafla mlango ukafunguka, Mzee Kikoti huyo, anakuja kutushtaki.

"Mpishi!" Mzungu akaruka kwa furaha. Kwenye kioo, shavu la kulia jeupe, la kushoto jeusi, vilevile kama jana. Miaka yote mzee husimama upande uleule wa moto.

Mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa kando akitutazama, akasikiliza mashtaka, akanusa ule moshi, akatoa hukumu: "Aliyetambulika ndiye msafiri. Hawa sita hawajulikani, na wasiojulikana watakwenda kukata kuni."

Jumamosi mzee alikaa mbele kwenye Land Rover, kiwiko dirishani. Karudi anasimulia alivyochemsha mayai kwenye maji ya Mungu. Hadi leo hajamaliza.

Funzo: ujanja ukikujia upesi mno, jua na wenzako watano umewafikia.

Je, wewe ungefanyaje? Andika hapo chini. Ila mliokula ule ugali, matusi yasizidi mstari mmoja mmoja, karatasi ni haba.