Siku Niliyofundishwa Neno Ulaghai

Juzi, rafiki yangu, nilimwona mke wa mwanangu akitoka kimyakimya kwenda kazini. Alikuwa ameacha kitenge chake kitandani, ili mtoto akiamka adhani mama yuko karibu. Watu wote nyumbani walicheka. Mimi nilitoka kwenye veranda ya etaji yangu, nyumba ya ghorofa hapa Muhumba, nikalia. Mimi niliyeishia primeri ya tatu, mwenye malori mawili na nyumba ambayo hata maprofesa wanapita wakiikodolea macho.

Zamani, nikiwa mtoto, tulipanga chumba kimoja kule Nguba, ua mmoja na mama Mwislamu wa Uvira. Asubuhi ua mzima ulinukia mandazi yake. Nikienda kuchota maji, dada yangu wa miaka minne alinifuata na kopo lake, akiuliza kwa nini ziwa halijai, kwa nini radi ina hasira. Jibu lolote nililompa, hata la kijinga, alienda kuwatangazia wenzake, akiniita yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa: "Yaya amesema."

Siku moja mama yangu aliniita pembeni. Alikuwa anakwenda Shabunda kuwapikia wachimba dhahabu. "Mupeleke mutoto ku ziwa," akasema. "Mwambie mukirudia atakuta nimemukaangia sambaza, samaki ile anapenda. Akiniona natoka, sitaweza kwenda."

Nikampeleka. Nilijivuna hata, nikijiona mwanaume kamili. Tulicheza majini, na kila akitaka kurudi nilimwambia bado, sambaza ziko kwenye mafuta, wewe husikii zinavyolia? Akacheka mpaka akakaa chini.

Tuliporudi jiko lilikuwa baridi. Kitenge cha mama kilikuwa kitandani. Dada yangu akakikalia, akakataa kula.

Jirani yule wa mandazi alileta uji. Nikajitetea, "Ilikuwa bongo kidogo tu, maman." Kwetu uongo ndio bongo, mtoto anachapwa, inaisha.

"Hapana, baba," akasema, kwa Kiswahili chake cha watu wa asili ya pwani. "Bongo ni kusema umenawa na hukunawa. Huyu ulimfurahisha kwanza, ili asione. Huo ni ulaghai."

"Na mama je? Ni yeye amenituma."

"Mama yako analia ndani ya lori. Wewe ulikuwa unacheka na mtoto."

Siku hizi vijana wangu wa depo, ghalani kwangu, wanaita ulaghai kama ule akili. Siwakatazi kusema, ila mimi neno hilo silitumii hivyo.

Dada yangu hakuniuliza kitu tena. Misimu ya mvua ilikuja mara mbili, kisha habari ikafika kwamba mama aliugua, akafa, akazikwa hukohuko. Wakubwa wakanituma mimi nimwambie. Alikuwa anaosha sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akavuka ua hadi kwa jirani.

"Yaya anasema mama amekufa," akamwambia. "Ni kweli?"

Yule jirani naye alishakufa. Ua ule ulibomolewa, na harufu ya mandazi yale sijaikuta popote. Sokoni watu wanachukua neno langu bila karatasi, toka hapa mpaka Uvira. Dada yangu anakaa Kadutu, si mbali kwa gari. Nikimwambia nitapita Jumapili, anajibu kwa upole, "Sawa, yaya." Jumapili nikifika, nakuta kufuli mlangoni; amekwenda kwenye shughuli zake, kama mtu ambaye hakuahidiwa mgeni.