Malori Mawili ya Mjane

Juzi, katika benki moja ya mtaa wa Manika, nilikaa nyuma ya mama mjane aliyeachiwa na mumewe kampuni ndogo ya malori mawili. Alikuja kuomba mkopo. Karani alizipanga upya hesabu zake katika taarifa ya mtiririko wa fedha: kwanza fedha za kazi, kisha za vifaa, mwisho za mikopo na za mwenye kampuni. Kalamu yake ikasimama.

“Mama, faida iko, lakini bateja habayalipa. Hii feza ya kila mwezi inatoka wapi?”

“Ni ya nyumba yenye napangisha Kapata. Naweka mulemule mu kampuni.”

“Basi kampuni haikulishi. Weye njo unailisha.”

Mama aliupapasa mkoba mapajani. “Najua, tata. Asubuhi bashofere banakuja kukamata funguo. Kiisha pale, hakuna muntu mwingine mwenye anabisha ku mulango yangu.”

Karani aliziandika fedha zile katika sehemu ya tatu, ile ya mwenye kampuni, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Mkopo hakupewa.

Mimi hulalamika kila wiki kwamba benki zetu zinachelewesha watu. Siku ile nilitamani karani achelewe kidogo zaidi na mama yule.