Bata Kifuani mwa Pin-yu

Mtaa wote wa nyuma ya hekalu, pale mjini Tainan, ulijua kuwa maneno ya Bibi Gek-hun unayapunguza nusu kabla ya kuyameza. Lakini mtoto akishtuka, analetwa kwake. Anafunga kikombe cha mchele kwa fulana ya mtoto, anakizungusha juu ya kichwa, anaita roho iliyodondoka kwa mshtuko irudi.

Aliyemshinda ni mjukuu wake mwenyewe. Tangu apasuliwe moyo, Pin-yu hakutaka kusikia habari za hospitali, na kipimo cha moyo kilikuwa kesho. Kilishaahirishwa mno. Chia-wen, binti wa hospitali anayetibu hofu za watoto, alikuja na mwanasesere ili mtoto asimulie yaliyompata. Pin-yu akaingia chini ya meza, kimya.

"Bibi, nimekwama," Chia-wen akanong'ona. "Hiyo ya mchele unaifanyaje?"

"Naita pale roho ilipoangukia. Sasa huyu hasemi iliangukia wapi." Akamkonyeza. "Kaa hapo. Ukicheka nakufukuza."

Akazungusha kikombe. "Pin-yu weee, rudi! Toka hospitali, daktari alipokufungua kifua akakuta bata wawili wanagombania uji!"

"Muongo!" sauti ikatoka chini ya meza.

"Muongo nani? Mmoja nilimshika mkia!"

"Hukuwepo! Ulibaki nje na mama! Wakaniziba pua na mdomo kwa kitu cha mpira, kinanuka. Taa kubwa. Nikakuita, Bibi. Hukuja."

Bibi akakishusha kikombe.

Chia-wen akamsukuma mwanasesere chini ya meza pole pole. "Walimziba hivi?"

"Siyo hivyo. Wewe nawe! Juu kidogo." Na Pin-yu akaonyesha yote, mpaka mshono.

Kesho yake Chia-wen alishawaombea ruhusa wafike mlangoni pa chumba kile cha upasuaji, roho ilipoangukia. Muuguzi akatoa macho. "Mama, mchele hauingii humu."

"Basi ushike wewe, mwanangu. Usiule." Akafungua fulana, akampa kikombe.

Bibi akafungua mdomo aite, Pin-yu akamnyang'anya fulana.

"Pin-yu, rudi," akaita mwenyewe. "Safari hii Bibi yupo."

Akavaa fulana, akaenda chumba cha kipimo, akalala kitandani, kamshika Bibi kidole. Mpimaji akakodolea macho kioo cha mashine yake.

"Bata wangapi?" Bibi akauliza.

"Nyamaza, Bibi," akasema Pin-yu. "Utawaamsha."