Maji Kwenye Friji ya Chanjo

Watoto wa mtaa ule walimwita Mama Sindano, na jina hilo alilipenda mpaka siku lilipopata mshindani. Alianza kazi kwenye zahanati ya Daktari wakati zahanati yenyewe ni chumba kimoja na pazia. Watu wazima wanaopita barabarani leo na ndevu zao, wengi wao aliwachanja yeye wakiwa wanalia. Wazazi walisema ana mkono mwepesi, na maneno hayo yalimshibisha kuliko mshahara.

Kisha akaja yule binti, nesi mpya. Tusidanganyane, binti alikuwa anaijua kazi. Akichoma sindano, mtoto anamkodolea macho tu, hajui kama ameguswa, na haukupita muda watu wakampa jina la Pamba. Kina mama waliopanga foleni kwa Mama Sindano wakaanza kukumbuka ghafla kwamba wamesahau kadi nyumbani, halafu unawakuta foleni ya pili, kadi mkononi. Aliwaona wote.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," alimwambia mumewe mezani.

Mumewe, fundi saa asiyependa makuu, akajibu, "Vidonda si ndiyo kazi yenu?" Alinuniwa mpaka wiki ikaisha.

Wivu ulimkaa rohoni, ukavua na viatu. Alivichukia viatu vya Pamba visivyo na sauti. Alichukia kuitwa "Mama" na Pamba, wakati zahanati nzima inamwita sista, kama vile anakumbushwa mvi zake. Na ilipokuja semina ya chanjo, nafasi ya mtu mmoja, Daktari akampeleka Pamba. "Wewe sista utafundishwa nini tena?" alisema Daktari, akidhani anamsifu.

Ndipo ikaja habari ya ukaguzi. Wakaguzi wa ubora na usalama walikuwa wanazipitia zahanati moja baada ya nyingine, na safari hii walitaka kila zahanati iwe na mtu mmoja wa kuwajibika kwa friji ya chanjo na vilivyomo. Daktari akasema mbele ya wote kwamba hamteui mtu mpaka ukaguzi uishe, wakaguzi ndio watakaomwonyesha nani anafaa. Mama Sindano alikitaka cheo kile mpaka akakosa usingizi. Hakikuwa na nyongeza yoyote. Kilikuwa na ufunguo wa friji, ambayo mpaka hapo ilikuwa haifungwi kwa ufunguo, na yeye alishauona unaning'inia shingoni mwake, Pamba anakuja kuuomba.

Asubuhi ya ukaguzi alifika wa kwanza. Akapangusa meza, akahakikisha boksi la sindano zilizotumika halijajaa kupita mstari wake, akafungua friji asome kipimajoto. Chini kabisa, palipokuwa patupu, palikuwa pamepangwa chupa za maji. Chupa za maji, za dukani, ndani ya friji ya chanjo. Na aliyefunga zahanati jana alikuwa Pamba.

Sheria hiyo alikuwa akiwaimbia wafanyakazi wapya wote: friji hii si ya soda, si ya maji, si ya chakula cha mtu. Mkono ulishakwenda kuzitoa. Ukarudi. Leo ndiyo leo, akasema moyoni, akaufunga mlango wa friji taratibu, kama anayefunga chumba alicholala mtoto.

Pamba akaingia. "Umeamkaje, Mama?"

"Salama, mwanangu," akajibu, na hakuwahi kumwita mwanangu hata siku moja.

Foleni ikaanza. Kwenye foleni hiyo akatokea nani kama si mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, na mjukuu begani. Mama Sindano akavuta kiti. Mkwe akamwamkia kwa heshima zote, akasema, "Mama, najua leo una wageni, nisikuchoshe," akapita moja kwa moja mpaka kwa Pamba. Na mtoto ni wa damu yake.

Alisimama mlangoni akitazama. Pamba akafungua friji, akatoa kichupa cha chanjo, akavuta dawa kwenye sindano. Hapo midomo ilimcheza Mama Sindano. Neno lilikuwa moja tu, subiri. Lakini akilisema sasa litasikiwa na nani? Wakaguzi walikuwa bado stoo wanakagua mitungi ya kuzimia moto. Ah, maji tu, akajiambia, yatafanya nini. Mtoto akachomwa pajani, akapiga mwayo. Mkwe akacheka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya pazia, maana aliyechanjwa haondoki mpaka aonekane dawa haikumsumbua.

Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke mfupi, wa sauti ya chini. Alipofika kwenye friji, Mama Sindano hakungoja kuulizwa.

"Samahani, mkubwa. Mimi si mtu wa kusema watu. Lakini humo mna maji ya kunywa, na si mimi niliyeyaweka." Akamtazama Pamba. "Kuna watu wameigeuza friji ya watoto kuwa ya duka. Chanjo inaharibika, halafu tunaambiwa wana mkono mwepesi."

Mkaguzi akachuchumaa, akazigusa chupa. "Nani kaziweka?"

"Mimi," akasema Pamba. "Tulifundishwa semina. Umeme ukikatika, maji yanashikilia ubaridi."

"Vizuri. Ziandike tu kwamba si za kunywa." Mkaguzi akainuka, akamgeukia Mama Sindano bila ukali wowote. "Kwa hiyo wewe uliamini zinaharibu chanjo."

"Ndiyo, mkubwa. Sisi zamani tulikatazwa kabisa."

"Uliziona lini?"

"Asubuhi, nilipofungua."

"Kabla watoto hawajaanza kuchanjwa?"

Hapo akauona mtego, na aliyeutega ni yeye mwenyewe. Akisema aliamini dawa imeharibika, basi aliwaacha watoto wachomwe. Akisema hakuamini, basi amemsingizia mwenzake mbele ya wageni. Daktari, aliyekuwa ameongozana na wakaguzi, akautoa ufunguo wa friji mfukoni, akamkabidhi Pamba. Pamba aliupokea bila kutabasamu, na hata hilo lilimuuma.

Pazia halizuii sauti. Mkwe alikuwa ameshasimama.

"Mama," akasema polepole, "si ulikuwa pale mlangoni? Ulikuwa unatutazama."

"Mwanangu, dawa ni nzima. Umemsikia mkubwa mwenyewe."

"Nimemsikia. Lakini wewe hukuwa unajua."

Mama Sindano akanyoosha mikono ampokee mjukuu wake, kama alivyozoea. Mkwe hakugomba wala hakupaza sauti, ana adabu zake. Alimtoa mtoto bega la huku, akamweka bega la kule, akakaa tena kwenye benchi kungoja muda wake uishe.